Wino wa Dole

Skuli ya Minungwini, darasa la pili.
Dawati fupi, magoti yanakaribia kidevu.
Ubaoni imebaki hesabu ya jana: kukopa kutoka makumi.

Nje wapo tangu alfajiri, wa sabini na kupanda.
Wengine wamepanga makubadhi foleni, wenyewe wako kivulini.

Mwaka huu karafuu zimeanikwa, bei haikuja.
Unguja mahoteli yamefunga,
vijana wamerudi na sare zenye majina kifuani
na hakuna wa kuwaita.
Redioni wanasema: tukaze mikanda.
Bi Time binti Asaa hajavaa mkanda maisha yake.
Ana pindo la kanga, na pindo halina kitu.

"Dole, bibi."
Ananipa. Mistari imekwisha,
imeliwa na makonyo, miaka sitini ya kuchambua.
Nabonyeza mara tatu, karatasi inakubali kwa shida.
Noti ya elfu tano inaondoka na doa la buluu pembeni.

Ile noti niliiona tena.
Saa nne ilikuwa kwa Mbarouk dukani:
deni la mchele la tangu Mfunguo Sita.
Adhuhuri kwa Bikombo, muuza muhogo,
wiki ya pili hiyo sufuria lake linarudi limejaa.
Alasiri kwa fundi cherehani.
Magharibi, wallahi, nilirudishiwa mimi, chenji ya mkate.
Doa lile lile. Limezunguka mji mzima kwa miguu
na Bi Time, kwa goti lake, ndiyo kwanza anavua viatu.

Mkobani mna barua ya ofisini Wete:
*Hali ni ngumu. Orodhesha wanaoweza kusubiri.*

Kusubiri.
Mzee Faki wa themanini na tatu,
anayehesabu pumzi kama mie ninavyohesabu noti?

Sibishi, kapu limepungua.
Nalibeba mimi, najua lilivyokuwa zito.
Lakini mvua ikikata, nani hufukia kisima?

Usiku nimewasha taa, nimepiga mistari kwa rula,
nimeandika *1*, nikatia nukta.
Mbele ya nukta sikupata mtu.
Mke wangu kauliza mara mbili kama chai imepoa.
Imepoa.

Kidau cha wino kimebaki tope.
Kesho nitapita Konde, ninunue chengine.
Risiti sitaidai.