Jokofu la Boksi

Oulu, Februari. Ukumbini mwa maktaba
wametuletea boksi: hili ni jokofu la kesho,
lina akili. Igizeni, hakuna maandishi.
Ilmari akajikunja ndani, magoti kidevuni,
akawa sauti:
"Bibi Tyyne, maziwa yamekwisha. Niagize?"

Tyyne, themanini na moja, hakucheka.
Akafungua mlango uliokatwa kwa kisu, akachungulia.
"Usiniambie kilichokwisha.
Yaliyokwisha nayajua.
Niulize leo nakula na nani."

Kalamu za wabunifu zikasimama.
Ilmari akasahau kuwa ni mashine, akakohoa.
Kisha, kutoka bokisini, polepole:
"Unakula na nani?"

Akavuta kiti,
akaketi mbele ya baridi isiyokuwepo,
mlango akauacha wazi.