Ngozi ya Siku Kumi na Tisa

Yalikuwa maziwa, si uji
kama wasemavyo binamu zangu.
Fort Portal, mwaka wa sabini na moja,
mvua imeshuka Rwenzori bila kupiga hodi,
nami, mwenye miaka minne, nikavuta pindo la kitambaa cha meza
na sufuria likanifuata.

Kifua, bega, mkono wa kushoto hadi kiwikoni.
Jirani akaleta unga wa muhogo,
mwingine samli, mwingine maneno.
Mama akaleta miguu yake: maili sita.

Wodini tulimkuta Tibamwenda, mfunga vidonda,
keya wa zamani aliyerudi kutoka Burma
na Kiswahili cha kambini na sikio moja.
Huko aliona vijana wakivutwa kutoka kwenye vifaru
kama mihogo kutoka majivuni,
akajifunza jambo moja tu la kumfaa maishani:
kidonda cha moto hakitaki kuombolezwa,
kinataka kufunikwa.

Kwa nini, lakini?

Daktari Bhogal alinoa kisu kirefu, chembamba,
akimsimulia mama ili mama apumue.
Kwao Bara Hindi, alisema, zamani za zamani,
aliyekatwa pua alikwenda kwa mfinyanzi.
Mfinyanzi alipima pua kwa jani,
akachonga ngozi ya paji la uso kwa kipimo hicho,
akaigeuza, akaacha mshipa mmoja uilishe kama kitovu.
Yeye alaye gaeni
akampa mwenzake uso.
Kisha Wazungu, juzijuzi tu,
wakadokoa punje za ngozi kwa ncha ya sindano,
wakazipanda mbalimbali kama mkulima mwenye mbegu haba,
na punje zikatambaa, zikakutana.

"Basi chukua yangu," mama akasema,
akapandisha gomesi hadi pajani
mbele ya wanaume wawili,
yeye Kabajungu,
ambaye hata mvua haikuyajua magoti yake.

Bhogal alikisugua kisu kilichokwisha kung'aa.
"Mwili haumjui mama," akasema.
"Utaipokea. Siku ya kumi utaanza kuuliza huyu katoka wapi.
Siku ya ishirini utamtoa nje."

"Na kabla ya hiyo ya ishirini?"

Tibamwenda ndiye aliyejibu, na sikio lake moja:
"Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Akapasha jani changa la mgomba juu ya sigiri
mpaka likalegea kama hariri,
akalilaza pale mama alipochunwa,
kwani shashi ikikauka hung'oka na nyama.

Nilimvaa mama yangu siku kumi na tisa.
Homa ikashuka. Nikaomba ndizi.
Ya ishirini akaanza kunibanduka pembeni,
kijivu, kama rangi ya ukuta wenye unyevu.
Alikuwa anachambua kunde.
Akaitazama ngozi yake ndani ya bakuli la chuma,
akasema, "Imefanya kazi,"
akaendelea na kunde.

Ndipo wakachukua yangu, kipande cha kiganja,
wakakitoboa matundu kwa wembe kiwe wavu,
Tibamwenda akikitandaza kifuani, anajiimbia:
ngozi ivute i maji, ivute i maji.
Ikashika.

Mwaka uliofuata Uganda ilimhesabia Bhogal siku zake:
tisini.
Aliondoka na sanduku moja.
Kisu alimwachia Tibamwenda, kimefungwa ndani ya gazeti,
na Tibamwenda akakinoa miaka kumi na mitatu
kwa ajili ya yeyote atakayekuja kukishika.

Leo namwogesha mama.
Pajani pake pana alama, pana kama bahasha,
nyororo, haioti laika.
Kwangu, madaktari wanasema, hakikubaki hata kijiuzi chake.
Sawa.
Lakini mvua ikishuka Rwenzori bega huwasha,
nikijikuna kwa pupa yeye hufumbua jicho:
"Akiiki, taratibu.
Hapo bado ni pangu."