Mfuko Mlangoni

Saa moja asubuhi, ukungu haujanyanyuka bondeni,
napiga honi mara mbili kwenye kona ya kanisa
nao wanajua: mkate umefika.
Siku hizi hawatoki. Baridi ya Galisia ina meno,
na wao yao wameyalaza kwenye glasi.
Basi naning'iniza mkate kwenye kitasa, ndani ya mfuko wa kitambaa,
milango kumi na minne zamani, sasa mitano,
nageuza gari.

Ukiuza mkate miaka ishirini na miwili
unajifunza kusoma milango.
Kwa Eladio, Jumanne, mfuko wa Jumatatu ulikuwa bado umejaa,
mkate umekuwa gogo.
Nikabisha.

"Nimekula," akasema kabla sijamuuliza.
Mshipi wake ulikuwa na matundu mapya manne,
yametobolewa kwa msumari, yamekwenda upogo,
moja likimfuata mwenzake kuelekea mgongoni.
Mali bila daftari hupotea bila habari;
yeye daftari lake amelivaa kiunoni.
Juu ya jiko, sufuria ya Obdulia imefunikwa,
safi, kavu, kama ilivyoachwa siku ya mazishi.
Miaka hamsini alikaa mezani, chakula kikaja.
Hajui chumvi inatiwa saa ngapi.

Alhamisi akapita nesi wa zamu na utepe wake,
akamzungushia kwenye shavu la mguu.
"Sentimita ishirini na tisa," akaandika.
Akamwachia karatasi: mayai, maharage, samaki, maziwa.
Karatasi nzuri. Eladio aliikunja mara nne
akaitia chini ya mguu wa meza
uliokuwa ukiyumba.

Mtaa wa juu, hatua mia moja, Generosa
anakunywa kahawa ya maziwa na biskuti tatu
asubuhi, mchana, jioni.
"Nimpikie nani?" ananiuliza. "Sufuria ya mtu mmoja
inalia kama debe tupu."
Na kabichi zake zimesimama bustanini, zinafika kiunoni,
zinanenepesha konokono.

Sikupanga. Ulimi uliteleza, au niliuacha uteleze.
Kwake nikasema: "Eladio amekonda, suruali inamkimbia."
Kwa Eladio nikasema: "Generosa anaishi kwa biskuti,
na kuni zake zimelowa, hana wa kumpasulia."
Halikuwamo neno hata moja la uongo.
Ila nilivyoyaweka, ndivyo mtego unavyotegwa.

Jumamosi dohani ya Eladio haikutoa moshi.
Moyo ukanipiga.
Kisha, kutoka mtaa wa juu, kelele:
"Chumvi! Daktari amekataza!"
"Daktari hali hapa!"

Viazi, kabichi, maharage meupe,
mfupa wa nguruwe mkongwe kama deni.
Eladio alikata nyama vipande vya kulisha kifaranga
maana fizi zimenywea na meno ya bandia yanamcheza mdomoni.
Generosa alimkodolea macho mpaka ameze,
ndipo naye akachovya kijiko.

Wanagombana. Mwezi wa pili walinuniana wiki nzima
kwa ajili ya neno moja juu ya marehemu;
mikate ikarudi kwenye milango tofauti, nami nikalala vibaya.
Sasa naning'iniza miwili mlango mmoja.
Ya kesho siyajui.

Machi utepe ulirudi: thelathini na nusu.
Nesi anadhani ni karatasi yake.
Kwa kiasi fulani ni kweli, meza haiyumbi tena.

Nami nafika nyumbani saa nane mchana,
naegemea sinki, koti bado mwilini,
natafuna mkate ulioungua, uliokosa mnunuzi,
kwa kahawa ya jana,
wima.
Viti vipo. Viwili.