Maji ya Kufua

Turufosa alikuja Jumanne na kikapu cha chupa,
chupa ndogo, kimo cha kidole gumba,
kila moja na kipande cha karatasi ndani, chepesi kama ganda la kitunguu.
Akasema: Teka mwenyewe, funga mwenyewe,
iweke penye joto siku mbili.
Ikibaki ilivyo, shukuru.
Ikiwa nyeusi, utajua.

Utajua nini, sikuuliza.
Nyalenda nzima yakijua kisima changu.
Odiaga alikichimba mwaka ule bomba lilipokauka,
kwa sururu ya kuazima,
akashuka, akashuka, hata sauti yake ikawa ya mtu mwingine,
akapanda na tope hadi kwenye nyusi, akicheka.
Odiaga hayupo. Kisima kipo.
Mtungi shilingi tano:
humo ndimo ilimotoka sare ya Akelo,
humo mabati,
humo jeneza lake mwenyewe.

Chupa nikaiweka kando ya jiko, nyuma ya sufuria ya omena.
Usiku wa kwanza maji yalikuwa maji.
Usiku wa pili vyura wa mto Auji waliniamsha,
nikawasha tochi ya simu.
Nyeusi.
Si kijivu, si ya kubahatisha.
Nyeusi kama tako la chungu.

Nitasema kweli, uongo mdogo mdogo umeshanichosha:
nilibandika birika.
Nilitaka kuimwaga, kuisuuza, kuijaza maji yaliyochemka,
nani angejua?
Birika likaanza kuguna,
na ng'ambo ya ukuta wa bati mlango wa Nereya ukafunguka,
mara ya tatu usiku ule,
miguu midogo ikikimbilia nje.
Jioni nilikuwa nimemjazia mtoto yule dumu lake,
bure,
kwa sababu ana adabu.

Nikavuka na birika.
Lita moja, sukari vijiko sita, chumvi nusu,
kama Turufosa alivyotufundisha mvua za mwaka juzi
nami nikisinzia.
Tukamnywesha kidogo kidogo hadi jogoo,
Nereya akinishukuru,
na kila asante ikinipiga kama kofi.

Jumamosi tulikutana kanisani, wenye visima kumi na mmoja.
Tulipanga chupa mezani.
Kumi zilikuwa safi kama machozi.
Nikaiweka yangu.
Mtu akasogeza kiti. Turufosa hakusema neno,
alikuna tu wino wa kalamu iliyogoma.
Kisha Ojwang' wa pale kona akakohoa,
akaingiza mkono mfuko wa pili.
Nyeusi.
Kisha Wilkista, kutoka kwenye kitambaa cha kichwa.
Kisha tukaanza kucheka, kicheko kibaya,
kile cha matangani.

Tangu siku hiyo natembea na kamba yenye mafundo.
Choo hadi kisima, choo hadi kisima, ploti kwa ploti,
Ojwang' anashika ncha ile, mimi hii.
Changu kilikuwa hatua tisa kutoka choo cha jirani wa juu,
miaka yote hiyo, na mteremko naujua.
Mwenye choo anasema kamba yetu ina uongo.
Tumempimia mara nne.
Bado.

Siku hizi nauza mtungi shilingi mbili, maji ya nguo na sakafu.
Akelo amekopa karo. Sitasema haiumi.
Brashi niliishika mwenyewe,
rangi nyekundu juu ya kifuniko cha zege alichokimimina Odiaga:
MAJI YA KUFUA.

Mtoto wa Nereya anajifunza kusoma.
Huinama pale asubuhi, mzima, kamasi puani,
kidole juu ya herufi:
Ma-ji ya ku-fa.
Ameruka moja.
Mama yake alifungua mdomo amsahihishe.
Nikamwambia, mwache kwanza.