Rili Mbili za Mtaa wa Mkunguni

Fimbo zilikuja kabla ya rili.
Shemeji Kandidus alizipata mnadani, bandarini,
fungu moja na feni isiyozunguka
na baiskeli ya mtoto isiyo na mnyororo.
Feni akabaki nayo. Fimbo akanipa:
"Siwatu, wewe ndiye mwenye subira ya uzi."

Moja ndefu, nyepesi, ncha inatetemeka
hata nikikohoa.
Nyingine fupi, kakamavu kama askari wa zamu.
Miezi mitatu zilisimama nyuma ya cherehani,
wateja wakizitundikia magauni.

Jumatatu nikafunga elfu sabini kwenye pindo la kanga,
nikaibeba ile nyepesi
(watu wakidhani ni fimbo ya pazia)
hadi Mkunguni, duka lililobanwa
kati ya muuza vitasa na muuza mipira ya maji.
Kijana wa kaunta, Kalumuna, akanipima kwa macho,
akashusha rili ya rangi ya dhahabu,
kubwa kama kopo la maziwa.
"Mama, hii ina beringi kumi na mbili.
Laki na themanini. Tuongee."

Sikuongea. Niliifunga kwenye fimbo,
nikailaza juu ya kidole kimoja,
pale mshiko unapoishia.
Kitako kikashuka, kikagonga kioo: ko!
Koti la baba kwenye bega la mtoto.
Beringi kumi na mbili zitanifaa nini
mkono ukichoka kabla ya samaki?

Wametuachia usemi, rahisi ghali.
Sawa. Lakini nimeshona miaka ishirini na miwili,
na ghali nayo nimeiona ikifumuka.

"Nipe zile za chini, za vumbi."
Nikazungusha mkono, sikio karibu.
Ya kwanza ilisaga meno. Rudisha.
Ya pili ilicheza ubavuni kama jino
la mtoto wa miaka sita. Rudisha.
Ya tatu nyeusi, haina jina,
ila namba iliyofutika nusu.
Ilizunguka kimya, ikasimama nilipotaka.

Hapo nikatoa uzi mkobani,
nikauzungushia, nikavuta
huku nikikaza nati ya mbele
kidogo. Kidogo tena.
Uzi usitoke kwa kushtuka.
Utoke kama kwenye bobini yangu:
unakataa kidogo, halafu unakubali.

Kalumuna akaacha kutafuna bazoka.
"Kumbe wewe fundi."
"Ipo pacha yake?"
Ilikuwepo, chini ya boksi la ndoana,
mkono wake umekatika kichwa.
Nzima arobaini, kilema ishirini na tano.
Elfu tano ikaishia kwenye mshipi na chubwi mbili,
na Buguruni nikarudi kwa miguu.

Usiku nikatafuta kigurudumu cha mti,
cha uzi wa zamani, kabla ya plastiki,
nikakipigilia skrubu, nikakipaka mafuta ya cherehani.
Kilema akapata kiganja.
Nikampa fimbo nyepesi, kwa perege.
Nzima nikaipa ile kakamavu,
kwa kambale wanaolala matopeni.

Jumapili, Boko, kwenye shimo la kokoto
lililojaa maji ya masika na likagoma kukauka.
Kambale hakuusoma mpango wangu.
Saa nne na kitu alipita kando ya fimbo ya askari,
akameza unga wa kwa kilema.

Krrrr.

Ncha ikainama mpaka nikaogopa.
Nikalegeza nati robo mzunguko,
kama sindano ikipanda mshono wa jinzi,
nikamwacha akatae,
nikamwacha akubali.

Urefu wa kiwiko, si zaidi. Mweusi, mwenye sharubu.
Ule mti wa uzi ulikuwa na joto mkononi.

Jioni Kandidus akapiga simu:
"Vipi, umepata mkubwa?"
Nikamuuliza,
"Na feni je, inazunguka?"