Kitanda cha Zamu

Dada Lissy, uso wako sijauona,
lakini naujua unywele wako mmoja
mweusi, mrefu, uliojikunja juu ya mto
kama herufi ya lugha nisiyoisoma.

Kabla yako nilikagua vyumba kumi na kimoja.
Dalali alikuwa na pikipiki na kikohozi.
"Hiki kina dirisha," alisema,
na dirisha lilitazama ukuta,
na ukuta haukuona haya.
Kwingine waliniuliza: Nyama unakula? Samaki? Yai je?
Yai nilikiri.
Mlango ukafungwa polepole, kwa adabu.
Kwingine walitaka dhamana ya miezi sita
kwa mtu wa wiki tisa!
Nikatoa barua ya ofisi, ina muhuri:
mwanagenzi, posho rupia elfu nane.
Mwenye nyumba akaisoma mpaka chini,
akanirudishia kwa ncha za vidole
kama aliyepakatishwa mtoto aliyelowa.

Mama akapiga simu kutoka Amravati.
Umepata mahali? Nimepata.
Pana hewa? Ipo, mama, tele.
Na watu je, ni watu wazuri?
Wapo wengi, nikasema,
nimekalia sanduku langu stesheni ya Dadar,
treni ya saa tatu usiku inamwaga abiria.
Sikusema uongo hata neno.

Ndipo Bi Mhatre, ghorofa ya nne, lifti ilishakufa.
"Kitanda kipo. Ila mchana kina mtu."
Muuguzi, hutoka wodini asubuhi,
saa kumi na mbili jioni huyo, amekwenda.
"Elfu mbili na nusu kila mmoja. Shuka, kila mtu lake.
Godoro halina mwenyewe."

Wiki ya kwanza nilikuchukia.
Nilitandika shuka langu juu ya joto lako,
nikageuza mto kuukimbia mnuko wa mafuta ya nazi,
na upande wa pili nikakukuta umefika kabla yangu.

Mchana nachora nyumba za watu.
Hapa sebule, hapa chumba cha viatu.
Bwana Sodawala akainama juu ya meza yangu:
"Na mbwa? Mbwa atalala wapi?"
Nikaongeza chumba. Mita mbili na nusu kwa tatu.
Nikakipima kimoyomoyo kitanda chetu:
kingeingia, na njia ya kukizunguka.

Wewe ndiwe uliyeanza kuandika,
nyuma ya pakiti ya dawa, chini ya mto:
*Mguu wa kushoto unacheza. Nimeweka kadibodi.*
Nikajibu: *Asante. Na kunguni?*
Ukajibu: *Nimeua sita. Usiku ni zamu yako.*
Nilicheka peke yangu, mkono mdomoni,
Bi Mhatre asije akanitoza na kicheko.

Kisha ile Jumanne ya mvua.
Reli ikazama, treni zikasimama Kurla,
nikalala ofisini juu ya meza,
ramani ya nyumba ya mtu nimejifunika.
Na wewe, nimeambiwa, hukutoka wodini hadi kesho yake usiku;
wa kukupokea zamu alikwama majini.
"Kitanda kililala peke yake," Bi Mhatre akaniambia,
sauti chini, kama anayetangaza msiba.
"Nilifungua mlango mara tatu kukitazama."
Tumekilipia wawili,
na usiku na mchana hakikupata mtu.

Leo wiki ya tisa imekwisha.
Shuka nimelikunja. Unywele wako nimeuacha ulipo.
Msichana wa Sangli anasubiri koridoni na ndoo yake;
mwambie kuhusu kunguni, mimi nimeona aibu.

Jambo moja tu, dada.
Ile kadibodi ilikuwa imeoza kwa unyevu.
Nimeitoa. Nimekunja ramani niliyoambiwa niitupe,
mara nne, mara nane,
nikaisukuma chini ya mguu wa kushoto.
Ni kile chumba cha mbwa.
Kaa ujaribu. Hakichezi.