Kundi la Sauti

Saa tatu usiku, Umoja. Stima imerudi,
na Kerubo ananiita: mashine imenuna tena.
Kwa jina la Muthoka spika zinaitika
hadi jirani anagonga ukuta.
Kwa jina lake yeye, kimya.
Si kimya cha spika iliyoungua,
hicho kina harufu, nakijua tangu Luthuli.

Nimebadili waya. Nimepuliza vumbi.
Nimeazima hedifoni za mtoto wa ghorofa ya tatu.
Mstari wa sauti unarukaruka kwenye skrini
kama mtu anayeteta nyuma ya kioo.

Basi nikafungua orodha ya kundi la sauti:
muthoka, mgeni,
na fundi aliyeiuza, hata simjui.
Kerubo hayumo,
yeye aliyeilipia miezi kumi na moja.
Muthoka anakohoa, anatafuta chaja.

Naliandika jina, herufi ndogo.
Toka, namwambia, kisha ingia upya;
ukibaki ndani hutaona tofauti.
Anatoka. Anaandika nywila, mkono mmoja ukiufunika mwingine.

Kengele ndogo ya kuingia inalia.
Jirani anagonga ukuta.
Kerubo anaongeza sauti.